Kutembea mwambao wa Kigoma, kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji

Wateja wangu wa dagaa wanaotoka mbali huniuliza swali moja biashara ikishaisha: "Mama, sasa ziwani tunatembea wapi?" Wanategemea niwaelekeze kwenye njia iliyosakafiwa, yenye viti, taa na mtu wa kuuza aiskrimu. Mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika haukukaa hivyo. Ni mwambao wa kazi: mwalo, yaani mahali boti za uvuvi zinaposhushia samaki, matangi ya mafuta, stesheni, bandari, mwalo mwingine, uwanja wa kuunda boti. Unatembeka, tena siku nzima inakwisha macho hayajashiba, ila ratiba yake haipangwi na mgeni. Inapangwa na mwezi, samaki na maji yenyewe. Nakueleza ninavyowapangia wageni wangu, wewe chukua kinachokufaa.

Kabla hujakata tiketi, tazama mwezi wa angani umefika wapi. Dagaa wa Tanganyika mchana hushuka kilindini, usiku hupanda juu kufuata vijidudu wanavyokula. Mvuvi anawasha taa juu ya maji, dagaa wanavutwa na mwanga, wavu unainuliwa. Zamani zilikuwa karabai, na ukipita karibu unasikia zinavyofoka. Siku hizi ni taa za betri na za sola. Mbalamwezi ikiwa kali taa haifui dafu, maana ziwa zima lina mwanga na dagaa hawana sababu ya kukusanyika sehemu moja. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu boti nyingi hulala nchi kavu. Ukitaka kuukuta mwalo umechangamka, njoo siku za giza. Ukitaka kupiga soga na wavuvi, njoo mwezi mpevu, ndipo wanashona nyavu na kuziba boti zao na hawana haraka. Bei ya dagaa wabichi siku hizo inapanda, lakini hiyo ni shida yangu mimi, si yako.

Uliza pia kama ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka zilikubaliana kulipumzisha, na upande wetu uvuvi ulisimama kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15. Mizani yangu ilikaa stoo muda wote huo. Mgeni aliyekuja miezi ile alikuta mchanga mtupu na watoto wakicheza mpira kwenye viwanja vya kuanikia. Kama unakuja kati ya Mei na Agosti, mpigie simu mtu wa Kigoma kwanza, usije ukasafiri kuja kutazama chanja tupu za kuanikia dagaa.

Habari ya majira nitaifupisha. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua ipo, njia za kando ya ziwa zina tope, lakini hewa ikishaoshwa na mvua milima ya Kongo ng'ambo unaiona mpaka mabonde yake. Kiangazi njia ni kavu, ila Agosti na Septemba moshi wa mbuga zinazochomwa unaifuta milima yote, ukadhani umesimama kando ya bahari isiyo na ng'ambo. Mimi ningechagua Mei mwanzoni, au Juni kama uvuvi haujafungwa.

Na saa. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi, lakini tunatumia saa ileile ya Dar es Salaam. Jua letu linachomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni. Mtu wa Dar akiamka saa kumi na mbili anakuta giza totoro, anarudi kulala, akiamka tena mnada umekwisha. Usirudi kulala.

Chukua bodaboda au bajaji mpaka Kibirizi, ni kama kilomita tatu kaskazini mwa stesheni. Mwambie dereva akushushe mwaloni. Ukifika saa kumi na mbili na nusu utakuta bado mbingu ya kijivu, vilima viko nyuma yako vinalizuia jua, na boti zinaingia moja baada ya nyingine. Vaa viatu vya wazi vyenye mkanda wa kisigino, maana utakanyaga maji, utelezi wa magamba na kamba za watu. Raba nyeupe iache hotelini. Mwanamke mwenzangu, jifunge kitenge au kanga juu ya suruali. Hakuna atakayekufukuza ukija bila, ila utasalimiwa kwa moyo zaidi.

Salamu ndiyo tiketi ya kuingilia. Wazee wape shikamoo yao hata kama mikono imejaa mzigo. Kundi la vijana wanaovuta boti wape "poleni na kazi", kisha nyamaza uwatazame. Wakikuambia "shika kamba, dada," shika. Simu usiitoe mfukoni mara ufikapo. Watu wapo kazini, wengine wamekesha usiku kucha wamelowa, hawapendi kugeuzwa picha. Ukishanunua kitu au ukishaongea na mtu, omba, na mara nyingi utakubaliwa. Ukikwama, nenda ofisi ya BMU, ile kamati ya wavuvi wenyewe inayosimamia mwalo. Jitambulishe, sema umekuja kutembea. Watakupa mtu wa kukuzungusha, na ukimwachia hela ya chai umefanya jambo jema.

Sasa utazame nini? Tazama boti aina ya kipe na fito zake za kuinulia wavu. Tazama dagaa wakimiminwa kwenye beseni, wanavyong'aa dakika zile za kwanza, kisha rangi inafifia. Sikiliza mnada: bei inapanda na kushuka kulingana na idadi ya boti zilizokwisha kuingia, na mama aliyesimama pembeni kimya mara nyingi ndiye anayenunua nyingi. Kisha fuata beseni zinakokwenda, upande wa kuanikia. Hapo kuna dagaa wa aina mbili: wa mchangani na wa chanja. Wa mchangani wanamwagwa juu ya mchanga, wanakauka haraka, wanauzwa rahisi, na mchanga unakwenda nao mpaka kwenye sufuria yako. Wa chanja wanaanikwa juu ya wavu uliotandazwa kwenye meza za miti, upepo unapita juu na chini. Bei yao imezidi kidogo. Chukua dagaa mmoja umvunje. Aliyekauka sawasawa anakatika kwa mlio, asiyekauka anapinda. Kisha mtafune. Ukisikia mchanga kwenye meno, rudisha beseni kwa mwenyewe kwa adabu. Wala usinunue asubuhi ile, maana utatembea nao siku nzima. Chagua muuzaji, kubaliana naye, umpitie jioni au kesho yake.

Kibirizi ndiko zinakoondokea pia boti za abiria za vijiji vya kaskazini, zikipitia Gombe mpaka karibu na mpaka wa Burundi. Hifadhi ya Gombe iko kama kilomita 16 kutoka mjini, na ndiko Jane Goodall alikofika Julai 1960 kuwatazama sokwe. Hiyo ni safari ya siku nyingine na ina taratibu zake za vibali, usijaribu kuichomeka kwenye matembezi haya. Ila simama uone boti zinavyopakiwa: magodoro, kreti za soda, kuku, mbuzi, bibi harusi, wote ndani ya mbao moja ndefu.

Kutoka Kibirizi rudi mjini kwa miguu, ni mwendo wa chini ya saa moja. Utapita matangi ya mafuta. Pale na bandarini na stesheni usipige picha bila ruhusa, askari hawana utani na hilo, na maelezo kwamba wewe ni mtalii wa ndani hayasaidii. Njia ya karibu na maji inabadilika kila mwaka. Ziwa limepanda sana miaka hii kuanzia 2020. Nyumba zilizokuwa mbali na ufuko zimeingiliwa na maji, na vijia vilivyokuwa mchangani sasa vimo majini. Ramani ya simu bado inavionyesha. Usiiamini, uliza mtu anayetoka unakokwenda.

Stesheni ya Kigoma utaiona kabla hujaifikia, jengo la Wajerumani lililotazama ziwa. Reli ya kati ilifika hapa 1914, kama kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na ndiyo maana watu hutuita mwisho wa reli. Mwaka uleule vita vikaanza. Wakati huo meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ilikuwa imefunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaletwa kwa reli hii na kuungwa tena hapa Kigoma. Ikaingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha upande wa mdomo wa mto Malagarasi isiwaangukie maadui, lakini kabla ya hapo wakazipaka injini mafuta mazito. Waliozipaka mafuta walijua wanachofanya: iliinuliwa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la MV Liemba. Imebeba wafanyabiashara, nanasi na dagaa zetu kwenda kusini mpaka Zambia, na Mei 2015 ilikwenda Kagunga, kijiji cha karibu na mpaka wa Burundi, mara nyingi kuwachukua wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamejazana ufukweni. Ina urefu wa mita 71 hivi. Habari za safari zake za sasa kaulize ofisini bandarini, na uulize siku ileile unayotaka kusafiri.

Bandarini huingii kwa matembezi. Panda barabara ya Lumumba chini ya miembe, hatua mia chache tu, kisha geuka nyuma. Ghuba yote iko chini yako na Kongo iko mbele. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka usiku kutoka mji huu kwenda kule ng'ambo, na mzee wa kahawa ukimkuta kwenye kibaraza atakuongezea ya kwake. Msikilize, kisha amini unayotaka.

Mchana usitembee ufukweni. Jua la saa saba hapa ndilo la utosini hasa, na hakuna kivuli. Panda mpaka mtaa wa Mwanga, ukale chakula. Agiza mgebuka wa kukaanga au wa mchuzi wa mawese, na ugali wa muhogo ukiupata. Wengi huomba kuhe, samaki mkubwa mnene, nyama yake tamu. Mimi naona mgebuka unamshinda kwa bei na kwa ladha ya ngozi iliyokauka vizuri, lakini hilo ni bishano la kila meza hapa. Ukishashiba, wanawake watataka kupita maduka ya vitenge. Wape nusu saa. Haitatosha.

Saa tisa panda daladala ya Ujiji. Ni kama kilomita nane kutoka stesheni, na nakushauri usiende kwa miguu, kwa sababu kipande hicho hakifuati maji, ni barabara ya lami na vumbi la pikipiki. Mwambie kondakta akushushe Livingstone.

Mimi ni mtoto wa Ujiji, bibi yangu Mmanyema, kwa hiyo hapa utanivumilia. Ujiji ulikuwa mji wakati Kigoma haijawa na kitu. Misafara ya pwani ilifikia hapa, pembe na watumwa wakapitishwa hapa, na wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika hapa Februari 1858 wakiwa wagonjwa. Novemba 1871 Stanley akamkuta Livingstone chini ya mwembe. Makumbusho yake ni madogo: mnara, miembe iliyotokana na ule wa zamani, na sanamu mbili za wazungu wanaovuliana kofia. Lipa kiingilio, msikilize mwongozaji, kisha muulize swali ambalo wageni wengi hawaulizi: mbona mwembe uko mbali hivi na maji?

Jibu lake ndilo litakalokufanya uyaelewe matembezi yako yote ya siku ile. Mito mingi inaingia ziwani: Malagarasi, Luiche hapo kusini mwa Ujiji, Rusizi kule kaskazini. Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi mwaka uleule wakaenda kuhakikisha kwamba Rusizi unaingia, hautoki. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, upande wa Kongo. Enzi zile Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na majani, ziwa likawa linajaa bila kupungua, na maji yalikaribia mwembe. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yakauzibua mlango wenyewe, na ziwa likashuka kama mita 10 katika miaka iliyofuata. Ufuko ukakimbia, mwembe ukabaki juu. Nyumba nyingi za Ujiji wa chini zimekaa mahali palipokuwa ziwa. Bibi alikuwa akisema maji yana kumbukumbu, yatarudi kudai kiwanja chao. Miaka hii wanaohamisha mabati yao hawamcheki tena.

Kutoka makumbusho teremka moja kwa moja mpaka ufukweni. Hapo ndipo ninapowaacha wageni wangu wakae, kwa sababu ndipo boti zinapoundwa. Mafundi wanachonga kwa tezo na msumeno, ubao kwa ubao, hakuna mchoro wa karatasi. Mwombe fundi akuonyeshe kalafati: pamba inasokotwa, inapigwa kwa patasi na nyundo ndani ya kila mwanya kati ya mbao mpaka boti isivuje. Sauti ya kazi hiyo utaisikia kabla hujawaona. Usimsimamie fundi mbele ya mwanga wake, wala usiruke mbao zake. Salimia, kaa juu ya gogo ukionyeshwa, nunua kahawa na kashata kwa anayepita, umpe fundi kikombe. Ijumaa usije saa sita mpaka saa nane, kazi imesimama na watu wako msikitini.

Jua lizame wapi? Kama miguu inauma, baki Ujiji. Kama unataka kuogelea, itakubidi uliache Ujiji mapema, saa kumi na moja hivi, uchukue bajaji mpaka Katonga na kuendelea mbele yake hadi ufuko wa Jakobsen. Pale unalipia kuingia, maji ni maangavu, mawe yako chini unayaona. Usiogelee mbele ya vijiji wala kwenye matete, kwa sababu ya kichocho, na usiingie maji ya karibu na mdomo wa Luiche, kwa sababu ya mamba. Kuna pia swira wa maji, nyoka mweusi na njano anayekula samaki kati ya mawe. Hana haja na wewe, mpishe apite. Na kumbuka ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Pwani yake haishuki taratibu kama ya Dar, hatua chache tu kutoka ufukweni huna chini. Mtoto asiachwe hata dakika.

Kama ni siku za giza la mwezi, subiri mpaka saa mbili uone taa za wavuvi zikiwashwa, kisha panda bajaji ile uliyokubaliana nayo akusubiri. Usirudi kwa miguu usiku. Namba ya dereva ichukue mchana, na bei mmalize kabla hujashuka.

Kesho yake asubuhi rudi Kibirizi kwa yule muuzaji wa chanja. Onja tena kabla hajapima, maana mfuko wa jana si lazima uwe wa leo. Mwambie afungashe kwenye mfuko wa kaki, kisha kiroba, nje kabisa nailoni, na afunge kwa kamba mbele yako. Kwenye basi usikubali mzigo wako uwekwe chini ya matenga ya samaki wabichi, na wewe mwenyewe usiuweke juu ya begi la nguo za mtu, hata awe amelala.